Guta Linapiga Magoti

Kitu kilichowahi kufika Ivuna bila kulalamikia barabara ni kimoja tu, nacho kilitokea juu. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilidondoka huku kwetu, na mabaki yake yaliyookotwa yalikuwa na uzito wa gramu 705, yaani hayafikishi hata kilo moja ya mchele. Pamoja na udogo huo, kimetuletea jina kuliko mbunge yeyote. Wanasayansi wana kundi la vimondo adimu kabisa wanaloliita CI, na hiyo I ni ya Ivuna. Kimondo hakikuwa na shokapu wala hakikuzihitaji, kwa sababu kilitua mara moja tu. Sisi wengine tunaoteremka kutoka upande wa Tunduma kuingia bonde la Rukwa tunatua kila baada ya hatua tatu, na tukifika vinalia vyote, kuanzia meno hadi bampa.

Mimi nina guta. Linabeba mpunga na ufuta, na likikosa hivyo linabeba chumvi, na likikosa vyote linabeba watu wanaodai wanakwenda msibani. Watu wakilitazama guta huangalia nyuma, kwenye bodi na springi zake nene, wakajua nguvu iko huko. Gurudumu la mbele hakuna anayelikumbuka. Na hilo gurudumu moja, lililoshikwa na miguu miwili ya shokapu isiyozidi unene wa muhogo, ndilo linalokata kona, linalopiga breki na linalotangulia kuingia shimoni, wenzake wa nyuma wakisubiri kusikia kuna kina gani.

Guta likichoka mbele hupiga magoti. Mpwa wangu ndiye dereva. Akigusa breki, pua inazama mpaka taa inamulika tairi lake lenyewe, kisha linainuka taratibu kama ngamia anayetaka kwanza aambiwe safari ni ya wapi. Miguu ya shokapu inatoa jasho la oili, vumbi linanasa kwenye jasho, na jioni guta linarudi limevaa soksi nyeusi.

Kijiweni kila mtu ni daktari. Mmoja alisema ni upepo mdogo kwenye tairi. Mwingine, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alisema ni rimu. Muuza chipsi alisema tatizo ni mpwa wangu, anapiga breki kama mtu aliyekutana na anayemdai. Hilo la mwisho lina ukweli, lakini mpwa hauzwi dukani.

Fundi wetu ana gereji chini ya mwembe. Aliniamkia, akashika breki ya mbele, akalisukuma guta chini kwa kifua. Likazama, likakaa hukohuko.

"Mzee, hii ni presha ya kushuka," akasema.

"Nimeshabadilisha sili, Fundi. Siyo mara moja."

"Najua. Na mimi nilishangaa unavyozipenda."

Akaufungua mguu mmoja, akalivuta bomba la ndani, lile linalong'aa, akalipangusa kwa kitambaa. Akaniambia nipitishe ukucha kuanzia juu hadi chini. Nikapitisha. Katikati ukucha ukakwama. Nilipoangalia kwa karibu nikaona vishimo vidogo, vimejipanga kama alama za ndui, na pembeni yake kromu imeanza kubanduka. "Hapo ndipo sili zako zinapofia," akasema Fundi.

Mambo yenyewe yako hivi. Sili ni pete ya mpira inayolikumbatia bomba ili oili isitoke. Bomba linapanda na kushuka ndani yake kila guta linapokanyaga tuta, na kwetu matuta hayana mapumziko. Likiwa laini, sili inadumu. Likiwa na kishimo kimoja tu chenye ncha, kila likipita linaukwangua mdomo wa sili, na sili mpya inaanza kuvuja kabla mwenye guta hajamaliza kujisifu. Kwa hiyo nilikuwa nikimtibu mgonjwa, na aliyekuwa akimpiga bado yumo humo humo ndani.

Anayempiga ni chumvi. Ivuna imeishi kwa chumvi kabla hakujakuwa na Tunduma wala mpaka. Brian Fagan na John Yellen walichimba hapa na mwaka 1968 wakachapisha waliyoyakuta: mabaki ya watu waliokuwa wakichuja udongo wa chumvi na kuyachemsha maji yake, karne nyingi kabla ya ukoloni. Tumesoma hayo kwa fahari. Ila hakuna mtaalamu aliyetuambia kwamba urithi huohuo, ukirushwa na tairi la mbele na kukaukia kwenye kromu usiku kucha, unakula chuma bila kunawa mikono. Na ziwa lenyewe, Rukwa, halina mto unaotoka. Maji yakiingia hayana pa kwenda ila juu, na chumvi inabaki kutusubiri.

Kile kimondo kinatunzwa vizuri zaidi. Mwaka 2008 Makumbusho ya Historia ya Asili ya London ilipata kipande chake, na kipande hicho kimekuwa kikihifadhiwa ndani ya naitrojeni ili unyevu wa dunia hii usikiguse. Nilimweleza Fundi habari hiyo. Akalitazama bomba langu, akanitazama na mimi, akasema kwa Ivuna tungeanza tu na kuliosha guta kwa maji baridi jioni, naitrojeni ije baadaye.

Ikabidi niende Tunduma kutafuta mabomba. Tunduma kila kitu kipo, ila kipo nyuma ya lori. Nikapenya foleni ya malori ya Zambia na Kongo hadi kwenye duka la spea, nikaomba mabomba mawili na sili mbili. Sili ina namba tatu: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene. Zangu ni 33, 46 na 11. Muuzaji akaniletea zenye 45.

"Mzee wangu, milimita moja tu hiyo. Zote orijino."

Milimita moja kwenye shati ni suala la mazungumzo. Kwenye sili ni lita ya oili barabarani. Akarudi ndani akiguna, akaleta za 46, katika boksi lililoandikwa Japan kwa herufi za mlango na Kichina kwa herufi za chini ya kapeti.

Mabomba nayo Fundi alikuwa amenipa masharti: usilipe kabla hujaliviringisha juu ya kioo. Bomba nyoofu linaviringika limelala, mwanga haupenyi chini yake. Lililopinda linachechemea. Kioo kilichokuwepo ni cha kaunta ya muuzaji, na chini yake kulikuwa na simu za kuuza, kwa hiyo kila nilipoviringisha alishika moyo. Bomba la kwanza likaenda vizuri. La pili, jipya, bado lina mafuta ya kiwandani, likachechemea kama limetoka jando. Tukatafuta jingine. Lilipopatikana la kulala vizuri, muuzaji alikuwa ameacha kuniita mzee wangu.

Nyumbani, Fundi alitandika gunia safi, akapanga springi, bushi, washa na vipira vya vumbi kwa mfuatano wa kuvifungulia. Halafu akasema anahitaji rambo.

Msomaji anakumbuka kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Fundi anakumbuka pia. Ila ncha ya juu ya bomba ina kingo kali, na sili ikipitishwa hapo bila kinga inachanika mdomo palepale, ukiwa hata oili hujatia. Dawa yake ni kuifunika ile ncha kwa nailoni laini, kuipaka oili, kuitelezesha sili mpaka ivuke hatari, kisha kuivuta nailoni. Tukajaribu mfuko mbadala, ule wa kitambaa. Sili ikagoma. Tukajaribu pakiti ya tambi. Ngumu. Fundi akamwita kijana wake pembeni, wakanong'ona, kijana akaondoka akapitia nyuma ya nyumba za watu. Akarudi na rambo jeusi limekunjwa mara nyingi, limehifadhika kama hati ya kiwanja. Hatukuuliza limetoka kwa nani. Sili zote mbili zikateleza zikaingia.

Ikaja zamu ya oili. Miguu yote miwili lazima ipate kiasi kilekile, la sivyo mmoja unafanya kazi na mwingine unausindikiza. Kuna mafundi wanaotia oili ya injini, tena iliyokwisha kutumika, na guta linakuwa gumu mbele mpaka mikono ya dereva inakufa ganzi. Fundi wangu alitaka nyepesi, mililita mia mbili kila mguu, na kipimo chake ni bomba la sindano. Nikaenda duka la dawa kuomba kubwa waliyo nayo.

"Mgonjwa ana uzito gani?" dada akauliza.

"Bila mzigo, kilo kama mia tatu."

Akaniuzia bila swali la pili.

Kabla ya kufunga, Fundi aliinua pua ya guta juu ya gogo na kuuzungusha usukani kwa kidole. Ulipofika katikati ukanasa, tk. Gololi za koni zilikuwa zimechimba vikombe vyake, na ndiyo maana mpwa alikuwa akisema guta linapenda kwenda mbele tu. Koni hazikuwa kwenye bajeti, lakini mtu aliyefika hapo harudi nyuma. Tukaweka mpya, na grisi.

Guta lilipokanyaga chini, Fundi akalisukuma tena kwa kifua. Likashuka kidogo, likarudi juu kwa heshima, likatulia. Mpwa akalipeleka hadi mnadani na kurudi. Akina mama waliopanda walisema chai imebaki kwenye chupa.

Bili iliandikwa kwenye ukurasa wa daftari la shule: kufungua, kufunga, koni, kufungua tena, kufunga tena, na chini kabisa, kwa mwandiko mdogo zaidi, "kifungashio". Hilo la kufungua tena nililijua, kuna washa ilikutwa imebaki kwenye gunia. Nikaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, nikamwomba anieleze.

"Mzee," akasema Fundi, akiangalia kulia na kushoto, "hicho lipa tu. Ukitaka na risiti yake, tutaongea mbele ya mtendaji."