Ukoo wa Florence na Mama Pima wa Matulo

Ukoo wa Antinori wa Florence umo katika biashara ya mvinyo tangu 1385, vizazi 26, na dunia inauita urithi. Mama pima wa Matulo, muuza busaa, pombe ya kienyeji ya Kenya, naye hukaanga unga wa mahindi uliochachuka, akautia kimea cha wimbi kama alivyofunzwa na mama mkwe. Urithi wake huonjwa na mtaro, siku ya msako wa polisi. Mtaniambia pombe ya kienyeji inaua. Kinachoua ni methanoli wanayotia wenye tamaa, na hiyo haijui kabila: mwaka 1986 mvinyo uliotiwa methanoli uliua watu zaidi ya 20 huko Italia. Serikali yao ilikaza ukaguzi. Haikupindua mapipa ya kila ukoo. Au tatizo ni usafi? Basi mpelekeeni mkaguzi, si rungu. Sheria yetu ya vileo ya 2010 iliihalalisha hata chang'aa, mradi iwe na leseni na chupa ya kioo. Lakini mkiidai busaa nayo chupa, kumbukeni hunywewa kwa mirija mirefu, wazee wameuzunguka mtungi mmoja. Waheshimiwa, chupa hiyo mtaitoboa matundu mangapi?