Mwongozo wa Kumtambua Mchawi kwa Macho Yake

Bibi jirani ana macho mekundu, na kijijini wameanza kunong'ona? Fuata hatua hizi, usiruke hata moja.

1. Ingia jikoni kwake. Bariadi, Maswa na Itilima, mkoani Simiyu, kuni ni za shida. Wengi hupikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe. Inama, puliza moto mpaka ugali uive, kisha jitazame kwenye kioo. Ikiwa macho mekundu ndiyo uchawi, kijiji kimepata mchawi wa pili.

2. Piga hesabu: moshi huo, kila siku, miaka 60.

3. Mpeleke kwa mganga wa macho hospitalini. Huenda ana vikope, ugonjwa unaoenezwa na mikono, vitambaa na nzi. Huwaumiza zaidi wanawake, kwa kuwa ndio wanaolea watoto. Ukimrudia mtu mara nyingi, kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho. Dawa ipo, na upasuaji mdogo hunyoosha kope.

4. Wakikushauri upeleke kuku kwa mfumu, yaani mganga wa jadi, apige ramli kwa matumbo yake, uliza kwanza: bibi akiondoka, shamba na ng'ombe vinabaki kwa nani? Jibu hilo lina ukweli zaidi kuliko matumbo ya kuku.

5. Usidhani ni ushamba wa Usukuma. Waviking nao waliogopa macho. Laxdæla, simulizi ya Iceland ya karne ya 13, inaeleza jinsi Stígandi, aliyedaiwa kuwa mchawi, alivyofunikwa gunia kichwani. Gunia lilikuwa na tundu. Alipochungulia mteremko, ardhi ikapinduka, nyasi zisiote tena. Leo watu wa huko wakiumwa macho huenda kwa daktari.

6. Funga mdomo. Sheria ya Uchawi ya Tanzania ya mwaka 1928 inamtia hatiani hata anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Tangu sehemu kubwa ya Simiyu ilipokuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, kabla ya 2012, vikongwe wamekatwa mapanga usiku, na mara nyingi panga lilitanguliwa na neno la jirani.

7. Asubuhi mwamkie kwa heshima, kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mayu." Kisha chukua udongo na matofali, umjengee jiko lenye bomba la kutolea moshi. Aliyelea watoto katika moshi ule anastahili kuzeeka akiwa anaona.