Hujaji, Dumu na Mwavuli: Misukosuko ya Safari ya Namugongo

Hija, kwa maana inayotumika katika Kanisa Katoliki, ni safari ya ibada ambayo mwamini huifanya kwenda mahali palipoheshimika kwa sababu ya tukio au mtu wa imani, na vitabu vinavyoieleza hutaja sala, kufunga, kutubu na rehema, yaani ondoleo la adhabu za dhambi ambalo Kanisa hulitoa kwa masharti maalumu. Vitabu hivyo havitaji foleni ya choo, kukatika kwa kandambili, wala basi linaloamua kuharibika usiku wa manane katikati ya pori huku abiria wakiwa kwenye fumbo la tatu la rozari. Upungufu huo ndio unaokusudiwa kuzibwa hapa, na mfano unaotumika ni Basilika ya Mashahidi wa Uganda iliyoko Namugongo, kaskazini mashariki ya jiji la Kampala. Kibeho ya Rwanda, Subukia ya Kenya na Nyakijoga ya Jimbo la Bukoba nazo zina mahujaji wake na misukosuko yake, lakini hakuna mahali katika Afrika Mashariki ambapo watu wengi kiasi hicho hukutana kwa siku moja wakiwa wamebeba vitu vingi kiasi hicho.

Historia ya mahali penyewe haina mzaha. Kati ya mwaka 1885 na 1887, Kabaka Mwanga II wa Buganda aliamuru kuuawa kwa watu waliokuwa wameupokea Ukristo, wengi wao vijana watumishi wa ikulu yake, na hesabu iliyohifadhiwa ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, ambao huitwa mashahidi kwa sababu waliithibitisha imani kwa kuifia. Tarehe 3 Juni 1886, Sikukuu ya Kupaa Bwana, Karoli Lwanga, aliyekuwa kiongozi wa vijana hao, alichomwa peke yake kwa moto wa polepole, na wenzake wakaviringishwa katika mikeka ya matete na kuchomwa kwa pamoja, akiwamo Kizito, aliyekuwa na umri wa miaka kama 14. Papa Benedikto XV aliwatangaza wale Wakatoliki 22 kuwa wenyeheri mwaka 1920, na Papa Paulo VI akawatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Wale waliochomwa Namugongo walifikishwa hapo wakiwa wamefungwa, mikono mitupu, wala hakuna aliyetaka kukaa mbele. Hujaji wa leo hufika amebeba nyumba nzima, naye hutaka kukaa mbele kuliko wote. Na uchunguzi wa misukosuko yake unaonyesha kwamba karibu yote hutokana na mojawapo ya mambo hayo mawili, yaani kubeba mno na kutaka kuwa karibu mno.

Neno basilika nalo linahitaji maelezo, kwa kuwa wapo wanaodhani kwamba ni jina la kanisa lolote kubwa lenye maegesho. Basilika ni hadhi ya heshima ambayo Papa hulipa kanisa kwa sababu ya historia yake au nafasi yake katika ibada. Zile kuu ni nne, zote ziko Roma, na nyingine zote duniani huitwa basilika ndogo hata zikiwa na paa linaloonekana kutoka mbali. Namugongo ilipata hadhi hiyo mwaka 1993, mwaka ambao Papa Yohane Paulo II aliizuru Uganda. Miongoni mwa alama ambazo kanisa la aina hiyo lina haki ya kuwa nazo ni mwavuli wa hariri wenye mistari myekundu na ya njano, unaosimamishwa ukiwa umefunguka nusu, kuashiria kwamba kanisa liko tayari kumpokea Baba Mtakatifu wakati wowote. Hujaji naye huja na mwavuli wake, kwa kuwa mwanzoni mwa Juni mvua za masika bado hazijaaga vizuri, na mwavuli huo pia mara nyingi hufunguka nusu, si kwa kumheshimu yeyote bali kwa sababu waya mbili zimekatika. Wingu likipita katikati ya homilia, waamini elfu kadhaa hufungua miavuli kwa mpigo mmoja, na kuanzia hapo mtu wa safu ya tano hafuati tena Misa, anafuata ncha ya mwavuli wa safu ya nne isimtoboe jicho.

Jengo lenyewe lilisanifiwa na Justus Dahinden, msanifu majengo wa Uswisi, akifuata umbo la nyumba ya jadi ya Waganda yenye paa la pia linaloshuka hadi karibu na ardhi, na likatabarukiwa tarehe 3 Juni 1975 na Kardinali Sergio Pignedoli kwa niaba ya Papa. Nguzo 22 zilizolizunguka huwakilisha mashahidi 22, na altare yake iko mahali ambapo inaaminika kwamba Karoli Lwanga alichomwa. Umbo hilo la mviringo lina uzuri wake na lina mtego wake, kwani nyumba ya mviringo haina pembe, na Mkristo aliyezoea kujibanza kwenye benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, ili awahi kutoka mara tu baada ya Komunyo, hutafuta nyuma asiione. Hata hivyo, tatizo hilo huwapata wachache, maana ndani huingia watu kama 1,000 hivi, ilhali siku ya sikukuu hesabu zinazotangazwa hufikia mamilioni. Ndiyo sababu Misa ya tarehe 3 Juni huadhimishwa nje, penye ziwa dogo ambalo altare yake imejengwa katikati ya maji, na waamini huketi kwenye miteremko inayolizunguka. Mtu aliyewaaga majirani kwamba anakwenda kuiona basilika anaweza kurudi nyumbani akiwa ameona paa lake tu, tena kwa kupitia kati ya vichwa viwili.

Kabla ya kufika huko kuna njia, na njia ina historia inayopaswa kuwanyamazisha wanaolalamika. Mapadri wa kwanza waliopeleka Ukatoliki Buganda, wa shirika la Wamisionari wa Afrika ambao huitwa pia Mapadri Weupe, waliondoka Bagamoyo Juni 1878 pamoja na msafara wa wapagazi, na Padri Simeon Lourdel na Bruda Amans walitia mguu Entebbe Februari 1879. Wajukuu wa kiroho wa msafara huo sasa huenda kwa basi lenye viti vya kulaza na video za kwaya, huvuka Mutukula wakitoka Tanzania, au Busia na Malaba wakitoka Kenya, na saa sita baada ya kuondoka huanza kuuliza kama bado ni mbali. Kila msafara huwa na katibu, na kila katibu hukusanya hati za kusafiria za watu wote katika mfuko mmoja wa plastiki ili zisipotee, kisha mfuko huo husafiri katika basi la pili, ambalo limesimama nyuma kubadilisha tairi. Wakati huohuo waendao kwa miguu, ambao wengine hutoka majimbo ya mbali ya Uganda na wengine huvuka mpaka kutoka Kenya, hufika wakiimba na kucheza. Aliyepanda basi ndiye anayeshuka akichechemea, kwa kuwa mguu wake umekufa ganzi chini ya gunia la mchele la mwenzake.

Fedha nazo zina mtihani wake, kwa kuwa nchi zote tatu hutumia shilingi na hakuna shilingi inayolingana na nyingine. Mtanzania huona noti za elfu moja, elfu mbili, elfu tano na elfu kumi, akajiona yuko kwao, akatoa zake na kulipa bila kubadilisha. Muuzaji huzipokea kwa tabasamu pana, kwa maana anajua kwamba shilingi ya Tanzania ina thamani kubwa kuliko ya Uganda, na chenji hairudi. Mkenya, ambaye shilingi yake moja hubadilishwa kwa zaidi ya shilingi 20 za Uganda, husikia bei ya soda ikitajwa kwa maelfu, akaamua hapohapo kwamba huo ni wakati mwafaka wa kufunga. Lugha ingeweza kusaidia, kwani marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, lakini kwa miaka mingi wananchi wa Kampala walikisikia zaidi vinywani mwa askari, na wazee wapo ambao bado hawajasahau. Hujaji wa Tanga anayeuliza njia kwa adabu zote za pwani, akianza na shikamoo na kumalizia na samahani kwa usumbufu, huweza kushangaa kumwona mzee wa watu akinyooka wima na kutafuta kitambulisho mfukoni.

Msukosuko unaostahili uchambuzi wa pekee ni ule wa kufika kanisa lisilo lenu. Waanglikana nao wana mahali pao patakatifu Namugongo, mwendo mfupi kutoka kwenye basilika, na wao pia huadhimisha siku ileile ya tarehe 3 Juni. Kwa hiyo kundi linaloambiwa na mwendesha bodaboda kwamba kwa mashahidi ni hapa huwa limeambiwa kweli kabisa, nalo huketi, huimba na kutoa sadaka, na pengine huanza kushuku pale tu litania ya watakatifu inaposubiriwa bila dalili ya kuja. Kosa hilo halina haja ya kuungamwa. Papa Fransisko alipozuru Namugongo tarehe 28 Novemba 2015, alianzia kwa Waanglikana kisha akaja kuadhimisha Misa kwa Wakatoliki, tofauti ikiwa tu kwamba yeye alikusudia.

Ndani ya uwanja, dawa ya kupotea inayoaminiwa na viongozi wote wa misafara ni kitenge cha sare, na dawa hiyo ina dosari moja, kwamba kiwanda hakikutengeneza kitenge hicho kwa ajili ya parokia moja. Fikiria bibi wa miaka sabini na kitu aliyeagizwa afuate vitenge vya buluu vyenye picha ya tausi, naye akavifuata kwa utii tangu lango kuu hadi upande wa pili wa ziwa, akaketi katikati yake, akapewa mkeka, akapewa chai na matoke, akafundishwa na nyimbo mbili za Kiganda. Jioni wenzake wanamkuta akiwa ameshiba kuliko wao wote.

“Bibi, jamani! Tumekutafuta tangu asubuhi, tumetangaza hadi kwenye spika!”

“Mimi sikupotea, mjukuu wangu. Nyinyi ndio hamkuonekana.”

Simu haimwokoi mtu katika hali hiyo, kwa sababu mtandao huelemewa, na inapopatikana nafasi ya nusu dakika mmoja huuliza, “Uko wapi?” na mwingine hujibu kwamba yuko karibu na mti, hapa penye watu. Usiku mambo huwa mazito zaidi, maana wengi hulala uwanjani kwa siku kadhaa ili wasipoteze nafasi ya mbele, na mwenye mkeka wa watu wawili hugundua alfajiri kwamba amelaza watu wanne, mmoja wao akiwa anakoroma kwa lugha asiyoielewa.

Kilele cha yote ni maji. Mahujaji huchota maji ya Namugongo kwa ajili ya wagonjwa, watoto na majirani waliobaki, na chombo chenyewe ni dumu la plastiki la njano, ambalo mwezi uliopita lilikuwa la mafuta ya kupikia. Madumu hayo yote hufanana, majina yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino hufutika kwa unyevu, na kila basi linaporudi huwa na kesi moja ya dumu ambayo hata paroko huogopa kuiamua. Mpakani huja kesi nyingine, kwa kuwa waragi, ile pombe kali ya Uganda, nayo ni nyeupe na angavu vilevile, nayo pia husafiri kwa madumu. Ofisa kijana huamuru dumu lifunguliwe. Mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki Tanzania, huuondoa mfuniko pamoja na kipande cha nailoni alichokibana kwa uangalifu, na ofisa huinama kunusa.

“Onja tu, mwanangu, ni baraka.”

“Mama, sisi tukiwa kazini haturuhusiwi kunywa.”

Foleni nzima hucheka, na ofisa hukumbuka kwamba kinachobishaniwa ni kama yale ni maji. Dumu hupita. Kinachobaki hufika nyumbani nusu, kwa sababu nailoni haikurudishwa vizuri na nusu nyingine imeubariki mzigo wa abiria wa kiti cha nyuma, pamoja na viatu vyake vya Jumapili.

Kutokana na hayo yote, ushauri kwa msomaji anayejiandaa ni mwepesi kuutoa na mgumu kuufuata. Anayetaka kuliona jengo, kukaa ndani yake kwa utulivu na kuzihesabu nguzo zote 22, na aende siku ya kawaida, ambapo nafasi ni tele na muuzaji wa soda ana muda wa kumweleza kuhusu noti. Anayetaka kukutana na watu waliotembea kwa wiki nzima ili wafike hapo, na aende tarehe 3 Juni, akijua kwamba ataketi mbali, atalowa na atasukumwa. Vyovyote atakavyochagua, abebe begi moja dogo, akae na hati yake ya kusafiria mwenyewe, na dumu likimshinda, lita moja inatosha.