Heko, Pini ya Mkanda wa Saa

Kwenye saa ya mkononi ya leo, mfanyakazi pekee aliyebaki na ajira ya uhakika ni pini ya mkanda. Akrabu zimeshapokonywa kazi na simu. Tarehe haitazamwi na mtu, na mara nyingi iko nyuma siku moja au mbili tangu ule mwezi wa siku thelathini upite. Hata betri inaweza kufa, na mwenye saa akaendelea kuivaa harusini miezi kadhaa, mkono ameulaza mezani ili watu waone. Lakini pini ikichomoka tu, saa iko sakafuni na ukumbi mzima umegeuka kutazama. Kwa hiyo naomba ruhusa niisifu pini, maana sioni tena sababu ya kuisifu saa.

Nianze na wajihi wake, kama ilivyo ada ya wasifuji. Pini ya pingili ni kijiti cha chuma chembamba kuliko njiti ya kiberiti, hakina rangi wala nakshi. Saa nzima imeandikwa: uso una jina la mtengenezaji, mgongo una namba na habari za kuhimili maji, kishikizo kina nembo. Pini haikuandikwa kitu. Binamu yake ni pini ya springi, ile inayounganisha mkanda na kasha la saa: kijibomba chenye springi tumboni na ncha mbili zinazoingia na kutoka. Urefu wake hufuata nafasi iliyo kati ya pembe za kasha, aghalabu milimita 18, 20 au 22, na unene wake ni kama milimita moja na nusu. Kwa mwili huo inabeba saa ya chuma ya gramu 150, mchana kutwa, kwenye mkono unaopiga makofi, unaosalimia, unaoning'inia kwenye bomba la daladala. Watu wa mjini walishasema, usidharau wembamba wa reli.

Nasaba yake nayo si haba. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, mwanamume wa Ulaya aliweka saa mfukoni kwa mnyororo. Ya mkononi ilihesabiwa kuwa bangili ya wanawake. Mwaka 1904 Louis Cartier alimtengenezea Alberto Santos-Dumont, rubani kutoka Brazili, saa ya kufunga mkononi, kwa kuwa mtu anayeendesha chombo angani hana mkono wa kupekua mfuko. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 vikalimaliza suala hilo: askari aliyeko handakini alihitaji kujua wakati huku ameshika bunduki, na aliporudi nyumbani hakuna aliyethubutu kumwambia amevaa bangili. Nyingi ya saa zile zilikuwa na waya uliolehemewa kwenye kasha, mkanda wa ngozi ukapitishwa humo. Waya haukutoka. Hakikuwapo cha kuruka wala cha kupotelea uvunguni. Ndipo watengenezaji wakaona raha hiyo imezidi kiasi, wakatuletea pini inayochomoka.

Mkanda wa chuma hutoka kiwandani ukiwa mrefu makusudi, kwa kuwa kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza. Matokeo yake, saa ya zawadi, iwe imeletwa na shemeji kutoka Dubai au imenunuliwa Kariakoo, hufika ikiwa na kipimo cha mkono wa baunsa. Ukiinua mkono inateremka kuelekea kisugudi. Ukiushusha inagonga mfupa wa kifundo, na kile kitufe cha pembeni kinachimba mgongo wa kiganja. Wapo wanaoiacha hivyo hivyo wakasema ndio mtindo. Wengine, watu wenye subira na jioni isiyo na shughuli, huamua kupunguza pingili wenyewe nyumbani, na hapo ndipo pini hupata nafasi ya kuonyesha tabia zake.

Ya kwanza ni msimamo. Geuza mkanda utazame upande wa ndani: kwenye zile pingili zinazotolewa kuna mishale midogo. Pini hutoka kufuata mshale, na hurudi kwa mlango ule ule iliotokea, kinyume cha mshale. Mara nyingi ncha yake moja imepasuliwa na kutanuka kidogo ili ibane, kwa hiyo ukiisukuma upande usio wake unazidi kuikaza. Haibembelezeki. Katika nchi ambazo mwanasiasa anaweza kuhama chama mchana na jioni akapokelewa kwa ngoma, nashangaa hatujaichora pini kwenye nembo yoyote.

Wasiosoma mishale huijia na silaha. Kuna anayekuja na sindano ya cherehani, ikavunjika. Kuna anayekuja na ncha ya kisu, kikateleza na kuchora kwenye kishikizo mstari utakaodumu kuliko saa yenyewe. Anayeanza kwa klipu ya karatasi ni mtu mpole, na klipu hujikunja kwa upole huo huo. Mwisho huja msumari mwembamba uliosagwa ncha, na nyundo. Pini inasogea milimita mbili, halafu inatulia. Haiko ndani, haiko nje. Hali hiyo inaweza kudumu mpaka taarifa ya habari iishe, na kwa muda wote huo kichwa cha familia atakuwa amenyamaza kabisa, jambo ambalo wenzake nyumbani walikuwa wakiliomba kwa muda mrefu.

Tabia yake nyingine ni kutenda mema bila kujitangaza, na hapa inanilazimu kusimama kidogo. Kwenye saa nyingi za Kijapani, Seiko na Citizen na Orient zikiwemo, pini haisafiri peke yake. Ndani ya pingili kuna kijibomba kifupi cha chuma, cha milimita chache tu, na hicho ndicho kinachoibana pini isitoke. Wengi hawajui kama kipo. Pini inapochomolewa, kijibomba hudondoka kimyakimya kwenye mkeka. Fundi wa nyumbani anaendelea na kazi yake, anaunganisha mkanda, anaingiza pini, nayo inaingia laini kama siagi. Anatabasamu. Anawaambia walio sebuleni kwamba mafundi wa mjini hutoza watu pesa za bure. Ulaini ule ndio uliokuwa dalili. Pini yenye kijibomba chake huingia kwa kugongwa. Inayoingia kwa kidole itatoka bila hata kidole, na itachagua siku ya kutoka, pengine ukiwa umesimama ukingoni mwa kivuko cha Likoni.

Pini ya springi yenyewe haina kimya hicho. Ukiibana ncha moja kwa kisu ili uitoe, springi hufanya kazi iliyoajiriwa kuifanya, na pini huondoka kwa mwendo ambao jicho haliufuati. Kuanzia dakika hiyo nyumba nzima inakuwa kitu kimoja. Baba yuko kwa magoti. Mama amesimama mlangoni na fagio, amekatazwa kufagia. Watoto, ambao macho yao ni mazima, wameahidiwa soda. Bibi anauliza kinatafutwa nini, anaambiwa pini, anaingia chumbani na kurudi na ile ya kubania ushungi: "Chukua hii, mwanangu, ninazo nyingi." Chini ya kochi hupatikana sarafu, kifuniko cha kalamu na hereni ambayo tangu Idi msichana wa jirani alikuwa akidhaniwa kaichukua. Nani mwingine ndani ya nyumba anaweza kumsafisha jirani jina lake kwa jioni moja? Na taa inayotumika kwenye msako huo ni ya simu, iliyolazwa sakafuni ili mwanga upite chini na kila kilicho kidogo kitoe kivuli kirefu. Simu iliyomnyang'anya saa kazi imelala kifudifudi, inamtumikia pini.

Sasa tuseme imepatikana. Linabaki suala la kipimo, na sijui kitu kingine chenye kumjua binadamu kama mkanda wa chuma. Mkono hauna ukubwa mmoja. Asubuhi umesinyaa, alasiri umetanuka, na kwa joto la Mombasa mwezi wa Februari saa iliyokaa vizuri saa mbili asubuhi huwa imekaba ifikapo saa tisa na kuacha alama ya pingili kwenye ngozi. Kanuni inayokubalika ni kwamba kidole cha mwisho kipite kati ya mkanda na mkono bila kulazimishwa. Pingili hutolewa sawa pande zote mbili ili kishikizo kikae katikati, chini ya kifundo. Ikibaki moja isiyogawanyika, inatoka upande wa namba 6. Kanuni ni nzuri. Mikono haijaisoma. Ukitoa pingili moja zaidi inabana, ukiirudisha inacheza, na ukweli wako uko katikati, mahali ambapo kiwanda hakikutia pingili. Mikanda mingine huja na nusu pingili kwa ajili hiyo. Isiyo nayo huwa na safu ya vitundu pembeni mwa kishikizo: unahamisha pini ya springi tundu moja, mkanda unasogea milimita chache, na amani inapatikana. Yaani aliyeleta mgogoro ndiye msuluhishi, na anataka aitwe mara mbili kwa mwaka, wakati wa joto na wakati wa baridi.

Washindani wake siwatendei ubaya nikiwataja kwa ufupi. Mkanda wa kunyumbuka, ambao Wamarekani wa Speidel waliupa jina Twist-O-Flex mwaka 1959, hauhitaji kipimo. Hutoza malipo yake kwa vinyweleo, kimoja kimoja. Mkanda wa plastiki wa Casio F-91W, saa iliyotoka mwaka 1989 na ambayo bado inauzwa, una matundu tayari, basi, hauna la kumfundisha mtu. Ngozi ndiyo dhaifu kuliko yote: mpelekee fundi viatu na msharasi wake, atatoboa popote utakapomwonyesha, na ngozi itakubali. Kitu kinachokubali kutobolewa popote siwezi kukiandikia sifa. Wenye Rolex za kisasa wana skrubu badala ya pini, mara nyingi zimepakwa gundi, na bisibisi isiyolingana huliharibu tundu la kichwa mara moja. Nawaachia furaha yao.

Lipo pia la riziki, na hapa sitanii sana. Zamani fundi saa, yule mwenye meza ndogo yenye kisanduku cha kioo na lenzi jichoni, alifungua mashine, akasafisha, akatia mafuta, akarudisha gurudumu moja moja. Siku hizi saa nyingi zina betri, mashine ikifa inabadilishwa nzima au saa inatupwa. Kinachombakisha mezani ni betri na mikanda. Anaweka mkanda kwenye kigogo chenye mfereji, anaelekeza kisukumio, anagonga, pini iko kiganjani. Umalizapo kumweleza ulivyohangaika jana yake, ameshamaliza upande wa pili. Kila aliyeshindwa nyumbani ni mteja wake. Sijaona mpango wa kuwezesha wajasiriamali uliofanya kazi kwa uaminifu kama ukaidi wa pini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiamua kumkabili mheshimiwa huyu mwenyewe, mpe heshima zake. Tandika taulo la rangi moja. Mkanda wenye pini ya springi ufungulie ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, ili ikiruka isiende mbali. Tafuta mishale kabla ya kutafuta nyundo. Sukuma pini ya kwanza juu ya sahani, uone kama ina kijibomba. Ikipotea, usipite nyumbani na sumaku ya spika iliyovunjika huku umevaa saa ya ufunguo au ya otomatiki, kwa sababu utepe wake wa ndani ukishika sumaku saa huanza kukimbia, nawe utakuwa na safari mbili za fundi badala ya moja. Pingili ulizotoa zitie ndani ya kiberiti kitupu pamoja na pini zake. Siku ukitaka kuiuza saa, mnunuzi mwenye mkono mnene ataziulizia mwanzo, na bila hizo bei inashuka. Na ukiona ni heri umkabidhi fundi, hesabu pingili zote na pini zote mbele yake kabla hujatoa pesa.