Husika na Kichwa cha Habari Hapo Juu

Barua ya nne kutoka ofisi ya leseni imefika Jumatatu. "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Nahusika, jamani! Mwaka wa pili huu sihusiki na kingine.

Nilichoomba ni leseni ya kigati cha mbao hapa Bagamoyo, abiria wa mashua zangu mbili washuke bila kukunja suruali. Maji ya huku ni haba. Mjerumani mwenyewe alishindwana nayo, mwaka 1891 akahamishia makao yake Dar es Salaam. Mimi sina pa kuhamia.

Barua ya kwanza ilitaka "maelezo ya ziada" kuhusu kina cha maji. Nikajibu: mita mbili na nusu. Ya pili ikasema jibu langu linapingana na picha niliyoambatisha, inayoonyesha mashua imelala mchangani na kuku anapita chini yake. Maji si yalikuwa yamekupwa! Wakati wa bamvua bahari hii hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Nikaandika kurasa mbili za bamvua na maji mafu, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hadi nahodha wangu akauliza: "Mzee, unaomba leseni au unaposa?"

Ya tatu ikataka nieleze kwa nini mradi uko ndani ya mita 60 kutoka baharini. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 naijua na naiheshimu, lakini gati lililo mita 61 kutoka majini ni baraza. Nikapiga simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hivi gati mnataka nilijenge wapi?"

"Jibu tu kwa maandishi, mzee."

Maswali yenyewe sina ugomvi nayo. Gati bovu linaua. Ila mbona wanauliza moja moja, kama mtu anayedonoa karanga? Kila nikijibu, siku zinaanza kuhesabiwa upya. Hati yangu ya kodi imekwisha muda ikiwa humo humo ndani ya faili lao, na sasa barua ya nne inanidai mpya.

Inadai pia nakala za barua tatu zilizotangulia, ambazo wameziandika wao, pamoja na picha nyingine, maji yakiwa yamejaa, kuku asionekane. Nimepewa siku tano. Leo ni maji mafu. Bamvua ni wiki ijayo.