Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa Kampuni ya Simu: Ombi la Watu wa Presha na Sukari

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Kasinge waitu. Nakuamkia kama wazee wetu wa Buhaya walivyomwamkia Omukama, maana mnara wako huko kilimani unatutazama kwa karibu kuliko mtawala yeyote aliyewahi kututawala. Uniwie radhi kwa kukupotezea muda, ambao najua unauuza kwa sekunde.

Kwanza shukrani. Hapa Kamachumu, wilayani Muleba, jumbe zako hutufikia kabla jogoo hajawika. Alfajiri unatujulisha kwamba tumebakiza hatua moja kushinda pikipiki. Mchana unatuhimiza kubeti mechi za Ulaya. Jioni unajitolea kutukopesha, wala hatujaomba. Kuna bibi wa hapa mwenye kitochi kilichofungwa kwa mpira. Bahati nasibu yako anaijua kuliko tarehe yake ya kliniki.

Bibi huyo, kama hutakwazika kusikia, ana presha. Wenzake ni wengi: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta presha kwa watu wapatao 26 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, na kisukari kwa 9. Presha haina adabu ya kupiga hodi. Mtu akijisikia mzima anaacha vidonge, mpaka siku mdomo unapopinda ndipo akimbizwe Ndolage, Rubya au hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bukoba. Kumeza dawa kila siku si jambo geni kwetu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983, na walio kwenye dawa za ugonjwa huo wakikosa kliniki kuna watu wa kuwafuatilia. Mwenye presha akikosa, anayemtafuta ni wewe peke yako, Mheshimiwa, tena kwa habari ya pikipiki.

Sithubutu kukufundisha kazi. Ila kule Sydney, Australia, wagonjwa 710 wa moyo walifanyiwa utafiti. Nusu yao walitumiwa jumbe nne kwa wiki kwa miezi sita, kuhusu chakula, mazoezi na sigara. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015: kipimo cha juu cha presha yao kilikuwa wastani wa 128, cha wenzao wasiotumiwa 136. Jumbe nne kwa wiki! Wewe hizo unazimaliza kabla hatujanywa chai. Senegal nao walianza mwaka 2014 kuwatumia jumbe wenye kisukari, wakilenga mfungo wa Ramadhani. Na hapa nyumbani, kuanzia mwaka 2012, mjamzito aliweza kuandika neno "mtoto" kwenda namba 15001 akapata ushauri wa huduma ya Wazazi Nipendeni bila kukatwa hata senti.

Basi tunaomba, kwa magoti yote mawili, namba kama hiyo kwa Bukoba na Muleba. Muuguzi amsajili mgonjwa kliniki, kwa ridhaa yake. Asiyejua kusoma apigiwe na kusikia sauti ya Kihaya. Mvuvi wa Bumbire au Goziba akumbushwe siku kadhaa kabla ya kliniki, kwa kuwa upepo wa ziwani haujali kadi ya miadi. Na orodha ya wagonjwa, tafadhali sana, isiwafikie ndugu zetu wa mikeka ya kubeti.

Najua utasema dawa zikikosekana zahanati ujumbe hauponyi mtu. Ni kweli kabisa, na kumkumbusha mtu kidonge ambacho hakipo ni dhihaka. Hilo tutamwandikia Waziri wa Afya kwa unyenyekevu huu huu. Kwako tunaomba kile ambacho tayari unacho: mnara, namba zetu, na ule ujasiri wa kutuamsha alfajiri.

Jibu lako, Mheshimiwa, tutalipokea kwa ujumbe mfupi. Tunaomba tu tusikatwe salio.