Topido Inasubiri Muhuri
Usiku wa 30 Novemba 1942, huko Tassafaronga karibu na Guadalcanal, topido za Wajapani zilipiga manowari nne za Marekani kwa muda usiofika nusu saa. Katika mchezo wa vita wa mezani, pambano hilohilo likichezwa kwa vimeli vidogo hukesha mpaka alfajiri, maana kila topido ina faili lake: kaifyatua nani, kwa pembe gani, kasi gani, imebakiza zamu ngapi. Manahodha wamegeuka makarani. Thubutu kupendekeza kikaratasi kilazwe kifudifudi kando ya meli, kimeandikwa zamu na pembe basi, mstari uchorwe topido ikikaribia kufika. Utatazamwa kama mwizi wa nyaraka za serikali. Eti uhalisia utapotea! Kwani Wajapani walijaza fomu nakala tatu kabla ya kufyatua?